Shingo Ndefu za Mida

Wanaoanza kujifunza ndege wa pwani huambiwa mapema kwamba kipimo cha ujuzi ni vitwitwi, wale wadogo wa kijivu wanaotapakaa topeni kwa mamia, sura zao moja, wote wana haraka. Anayeweza kumtenga huyu na yule kwa urefu wa mdomo na mstari wa bawa, huyo ameiva. Wakubwa, yaani koikoi, yangeyange, korongo na heroe, huhesabiwa kuwa kazi ya wanagenzi. Wanaonekana toka mbali, wanasimama, hawana fujo. Unawatia daftarini, kisha unageukia shughuli yenyewe.

Waongozaji wa hori ya Mida, karibu na Watamu katika kaunti ya Kilifi, ndio walioniondoa kwenye imani hiyo. Wengi wao ni watu wa vijiji vya kando ya hori, waliokua wakivua kaa na kuchimba chambo kwenye tope lilelile wanaloonyesha wageni leo. Nimewatazama wakiwatazama ndege, na nimeona kwamba muda wao mrefu huwaendea wakubwa. Kitwitwi ukishampa jina lake umemalizana naye, kwa kuwa hatakaa akusubiri uone zaidi. Koikoi ukishampa jina, hapo ndipo kazi inapoanza. Huyu anafanya shughuli zake mbele yako, polepole na wazi: anavizia, anakosa, anaibiwa, anakata shauri la kuhama. Kuyafuata hayo yote bila kumsumbua na bila kujidanganya ni ufundi kamili, na mimi nauheshimu kuliko ule wa majina.

Ufundi huo huanzia kwenye kalenda ya mwezi. Mida ni hori ya takriban kilomita za mraba 32, imezungukwa na mikoko, na mlango wake wa baharini ni mwembamba. Hakuna mto mkubwa unaomwagika ndani yake, kwa hiyo maji yake ni safi kuliko ya Sabaki kule kaskazini ya Malindi, ambako mto huleta udongo mwekundu mpaka baharini. Mida huishi kwa maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na pwani yetu hii ina saa zake ambazo kila mvuvi anazijua: maji hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Kila siku inayofuata husogea mbele karibu dakika 50, mpaka kufikia maji mafu mambo yamegeuka, saa nne ndiyo ya kujaa.

Mgeni aliyezoea msitu hufika asubuhi na mapema, kwa kuwa ndege wa msituni huimba alfajiri. Kwenye hori mazoea hayo hayamfai. Siku ya bamvua, asubuhi ile maji yanatoka, na ndege wanayafuata mpaka mbali kabisa, wakabaki nukta kwenye mng'aro. Tena ukiwa upande wa bara, jua limechomoza mbele yako, kwa hiyo kila ndege ni kivuli cheusi kisicho na rangi. Mwongozaji anayejua kazi yake atakwambia uje saa saba au saa nane mchana. Wakati huo maji yameshageuka na yanaingia, jua limehamia mgongoni, na kila dakika tope linapungua. Ndege hawana budi kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kuelekea mahali ulipokaa. Ukichelewa mpaka maji yajae, utawakuta wamekwisha kupanda juu ya mikoko au wamejikusanya kwenye mafungu ya mchanga, wamelala kwa mguu mmoja. Kati ya hali hizo mbili kuna saa chache tu, na ndizo za kufanyia kazi.

Kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia, na mapato yake husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa maeneo hayo kupitia mpango wa shirika la A Rocha Kenya. Kanuni ni kuwa ndani ya kibanda kabla ndege hawajafika. Anayeingia wakati ndege wako karibu huwa tayari amewaharibia wenzake. Hapo waongozaji hukaa, na watu wasiojua hudhani hakuna linalofanyika.

Linalofanyika kwanza ni kuwapanga weupe. Ukitazama hori kwa macho matupu utaona ndege weupe wa shingo ndefu na utasema yangeyange, na utakuwa sahihi kwa kiasi ambacho hakikusaidii. Aliye mrefu kuliko wote ana shingo yenye kifundo, na mpasuko wa mdomo wake umechorwa mpaka nyuma ya jicho. Wa kati, anayefanana naye sana, mpasuko wake hukomea chini ya jicho. Tofauti hiyo ni ya milimita chache, na ndege yuko mita mia mbili. Mdogo ana mdomo mweusi, miguu myeusi, na vidole vya njano ambavyo hufichwa na tope. Kisha yuko yule ambaye mimi humwona kuwa ndiye ndege wa pwani hii hasa, yangeyange wa rangi mbili, anayeishi kwenye mwambao wa Kenya na Tanzania, Pemba, Komoro, Madagaska mpaka Aldabra. Baadhi yao ni weupe pepe, wengine ni wa kijivu cha makaa wenye koo jeupe, na wapo wachache wa katikati, wamechanganya. Ndege weupe na ndege weusi wa namna hii huishi pamoja na kuzaana pamoja. Mweupe wake hufanana na yangeyange mdogo karibu kila kitu, isipokuwa ngozi iliyo kati ya jicho na mdomo: yake ni njano, ya mwenzake ni ya kijivu au samawati.

Haya yote yamo vitabuni. Ambalo sikulikuta kitabuni ni jinsi mwongozaji niliyekaa naye alivyoyatumia. Hakuanza na uso wa ndege. Aliiacha darubini ya miguu mitatu imsubiri, akatazama kwa macho tu jinsi kila ndege mweupe alivyokuwa akitembea. Yule anayekimbia huku na huku kwenye maji ya kifundo cha mguu, akirusha bawa moja, akageuka ghafla, alimwekea alama moyoni. Yule anayetembea pembezoni mwa mkondo, miguu ikikoroga chini, naye akamwekea yake. Ndipo akainamia darubini kwenda kuhakikisha. Nilimuuliza kwa nini asianze na darubini moja kwa moja. "Mwanangu, ukianza na darubini unamwona ndege mmoja," akaniambia. "Wengine thelathini wanabadilisha mahali na wewe hujui."

Tulikaa na wa kijivu mmoja kwa kitambo kirefu, na yafaa nieleze nilichokiona, kwa sababu hapa ndipo ukubwa wa ndege unapokuwa neema. Alisimama ukingoni mwa mfereji mdogo ambako maji yalikuwa yakiingia. Shingo alikuwa ameirudisha ndani mpaka ikakunjwa herufi S. Mkunjo huo hautokani na ulaini wa shingo peke yake. Kwa ndege wa jamii hii mfupa wa sita wa shingo ni mrefu na umeungana na wenzake kwa namna inayofanya bawaba, na bawaba hiyo ndiyo inayoruhusu kichwa kufyatuka mbele kwa nguvu. Kabla ya kufyatuka, alifanya jambo dogo: aliinamisha kichwa upande mmoja, akakisogeza kidogo, akakirudisha. Mwili haukutikisika. Kisha alipiga, na akakosa. Alitikisa mdomo, akasogea hatua mbili, akajikunja upya.

Kule kusogeza kichwa kuna sababu. Maji hupinda mwanga, kwa hiyo samaki haonekani pale alipo, na kadiri ndege anavyotazama kwa ulalo ndivyo kosa linavyokua. Mtafiti Gadi Katzir na wenzake huko Israeli waliwachunguza yangeyange wa miamba, ndugu wa karibu wa huyu wetu, wakaonyesha kwamba ndege hao hurekebisha pembe ya pigo ili kufidia upotofu huo. Mwongozaji wangu hakuwa na haja ya jina la mtafiti. Alikuwa amekwisha kuona kwamba ndege anayeinamisha kichwa yuko karibu kupiga, na anayenyoosha shingo juu wima hatapiga. Basi aliweza kuniambia "sasa" nusu sekunde kabla ya tukio, mara nyingi, na mara chache tu ikawa sivyo. Ustadi wa aina hii haupatikani kwa kusoma. Unapatikana kwa kukaa mbele ya ndege mmoja hadi mazoea yake yakuingie.

Yupo pia yangeyange mweusi, ambaye ni ndege mwingine kabisa, na anayeanza huchanganyikiwa kati yake na wa kijivu wa pwani. Koo lake halina weupe, na kisogo kina manyoya ya kusimama. Lakini mwenye uzoefu hahitaji kuyatafuta hayo ikiwa ndege ana njaa, kwa kuwa akiwinda huyu hufunua mabawa mawili kuzunguka kichwa mpaka yakakutana mbele, akajifunika kama mwavuli, akatulia ndani ya kivuli chake sekunde mbili tatu, akayafunga, akapiga hatua chache, akafunua tena. Kivuli kile humwondolea mng'aro wa jua, na huenda samaki wadogo hukikimbilia kama maficho. Hakuna ndege mwingine wa Afrika anayefanya hivyo kwa ukamilifu huo. Nimewahi kusikia mtu akibishana kuhusu rangi ya koo kwa dakika kumi wakati ndege mwenyewe alikuwa akijitaja kwa vitendo mbele yao.

Korongo wa mdomo wa njano ni somo la pili, na la kinyume. Yangeyange huwinda kwa macho. Huyu huwinda kwa kugusa. Huingia majini, huchovya mdomo ulioachama kidogo, na huanza kutembea akikoroga tope kwa mguu mmoja ili walio chini washituke. Pengine hufunua bawa moja upande uleule. Kiumbe chochote kikigusa mdomo, mdomo hujifunga wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Philip Kahl na mwenzake Peacock walipima kitendo hicho kwa korongo wa Amerika wa jamii hiyohiyo, wakapata kama sehemu 25 za elfu moja za sekunde. Jicho la mtazamaji haliwezi kukiona. Kinachoonekana ni kichwa kinachoinuka na koo linalomeza. Kwa hiyo ukitaka kujua korongo anakula kiasi gani, usitazame mdomo, hesabu mimezo. Nilijifunza hilo kwa kumwona mwongozaji akiweka vijiti vidogo daftarini, kimoja kwa kila mmezo, na kando yake akiandika saa. Na kwa kuwa korongo huyu hahitaji kuona, maji machafu hayamzuii, ndiyo maana unaweza kumkuta akila kwa amani mahali ambapo yangeyange wameshakata tamaa.

Domomwiko naye hugusa, akifagia kushoto na kulia. Heroe huchuja, kichwa chini juu, ulimi ukivuta na kusukuma maji. Hawa wawili sitakaa nao. Wana mashabiki wa kutosha.

Ningependa zaidi kumzungumzia Goliathi. Koikoi huyu ndiye mrefu kuliko jamii yake yote duniani, hufika mita moja na nusu, na kumtazama ni mtihani wa mtazamaji. Husimama pembezoni mwa mkondo wenye kina, na husimama kweli. Anaweza kukaa hivyo muda mrefu bila pigo hata moja, kwa kuwa hataki dagaa. Anasubiri samaki mkubwa, na akimpata mmoja au wawili siku imekwisha. Watu wengi humpiga picha, wakaondoka baada ya dakika tano wakisema ndege huyu hafanyi kitu. Mwongozaji mzuri humrudia. Kila robo saa anazungusha darubini mpaka kwake, anaangalia kama shingo imesogea, anaangalia juu angani, anaendelea na wengine. Anaangalia angani kwa sababu ya furukombe. Samaki mkubwa huchukua muda kumezwa, na katika muda huo mwizi huja. Mwenye kuitazama mbingu kabla ya koikoi kupata windo anaonyesha kwamba ameshaielewa hadithi yote, si ukurasa mmoja.

Kisha kuna kundi ambalo limeipa Mida jina kwa watazamaji wa mbali. Hawa ni wala-kaa, ndege weusi na weupe wa miguu mirefu na mdomo mnene mweusi. Kwa kimo hawafikii yangeyange mkubwa, lakini siwezi kuandika juu ya hori hii nikawaacha. Wanasayansi huwaita Dromas ardeola, na wamewekwa peke yao katika familia yao. Huzaa kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba, Bahari ya Shamu, Oman na Somalia, ndani ya mashimo wanayoyachimba wenyewe, na joto la mchanga huwasaidia kuatamia. Kwa kawaida hutaga yai moja, jeupe. Msimu ukiisha hushuka mpaka kwetu, na hapa Mida huweza kukaa kwa mamia kuanzia mwezi wa Agosti. Barr al Hikman ya Oman, ambako nako hukusanyika kwa maelfu, na tope hili la Kilifi ni vituo vya ndege walewale wa Bahari ya Hindi.

Mla-kaa hukimbia hatua chache, husimama, hunyemelea, hupiga. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa hutikiswa mpaka miguu imtoke. Ukitazama vizuri utaona kwamba baadhi yao hawawindi. Ni wa rangi ya kijivu zaidi, wamejikunyata, wanamfuata mkubwa mmoja kila aendako wakilia. Hao ni makinda ya mwaka ule, wamesafiri bahari nzima na bado wanalishwa na mzazi. Ni jambo la nadra kwa ndege wanaotembea topeni, na linabadilisha namna ya kuhesabu, kwa sababu idadi ya kundi peke yake haisemi kitu kuhusu uzazi. Waongozaji niliowaona huhesabu mara mbili: kwanza wote, kisha wale wanaoomba.

Kuhesabu ndiko kunakonyoosha ufundi wote huu. Kila Januari, katika nchi nyingi, watu hutoka kuhesabu ndege wa maji kwa pamoja. Kazi hiyo ya kimataifa ilianza mwaka 1967. Wadogo huhesabiwa kwa mafungu: unazoesha jicho kujua kumi wanachukua nafasi gani, kisha unazilaza kumi hizo juu ya kundi mpaka mwisho. Wakubwa huhesabiwa mmoja mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, halafu kulia kwenda kushoto. Ingedhaniwa hiyo ni rahisi. Lakini kundi la heroe waliolala limeficha vichwa mgongoni na wa nyuma wamezibwa na wa mbele. Yangeyange waliotua kwenye mchu wamezama ndani ya majani. Na maji yanapopanda, ndege uliyemhesabu kwenye fungu moja huruka kwenda jingine na kukusubiri umhesabu tena. Kwa hiyo mhesabuji mmoja hutazama kundi na mwingine hutazama anga, akitaja wanaoingia na wanaotoka na upande walikoelekea.

Na wote wawili husoma utulivu wa ndege. Koikoi anayenyoosha shingo, akabana manyoya, akaacha kula, amekwisha kukuona na anafikiria kuondoka. Wachimba chambo hupita karibu naye na hajali, kwa kuwa wanaendelea na mwendo wao na kazi yao. Anayesimama na kumkodolea ndiye anayemtisha. Mwongozaji aliniambia nikitaka kupita topeni nipite kana kwamba ninakwenda mahali, nisigeuze uso, nikaona ni kweli.

Siku moja hesabu za watu wawili kwa kundi moja la wala-kaa hazikulingana. Tofauti ilikuwa ya kumi na kitu, si nyingi kwa kundi kubwa, na wengine wangechukua wastani wakaendelea. Wao walihesabu upya. Katikati ya hesabu mtumbwi wa mvuvi ukapita karibu, kundi likaruka, sehemu ikatua palepale na sehemu ikavuka kwenda upande wa kisiwa cha Kirepwe. Mwongozaji wangu aliandika hesabu mbili za mwanzo jinsi zilivyokuwa, hakuzifuta wala kuzipatanisha, akaandika saa, urefu wa maji, upande wa upepo, na kwamba mtumbwi ulipita. Chini yake akaandika idadi ya makinda yanayoomba, kisha akaacha nafasi ya hesabu ya kesho, ambayo ingeanza dakika 50 baadaye.